Sura ya Tano: Mkono Husomwa Kabla ya Mpira

Mpigaji hodari wa kriketi husifiwa kwa maneno yaleyale kila anakochezea: ana jicho. Anauona mpira mapema, watu husema, na mwili wake ni mwepesi kuliko wetu. Sifa hiyo imedumu vizazi vingi, na imewapotosha wazazi, makocha na hata baadhi ya wapigaji wenyewe. Mpime macho, huenda ukakuta ni ya kawaida. Mpime wepesi wa kuitikia jambo la ghafla, utakuta hamzidi karani wa benki. Anachotuzidi ni kujua. Mpira unapomfikia, sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha kufanyika, na ilifanyika wakati mpira ungali mkononi mwa mtu mwingine.

Hesabu ya nusu sekunde

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, mambo ya lazima ni machache. Katikati ya uwanja pana ukanda mwembamba uitwao pichi, na kila mwisho wa ukanda huo vimesimikwa vijiti vitatu, yaani wiketi. Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12. Mrushaji hukimbia, huachia mpira kwa mkono ulionyooka, na kwa kawaida mpira hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji anayelinda vijiti vya upande wa pili. Mpigaji anatafuta mikimbio, lakini maisha yake uwanjani ni ya kosa moja. Mpira ukigonga vijiti vyake, au akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Atakaa kando kuwatazama wenzake.

Mrushaji wa kasi wa daraja la kimataifa hurusha kwa kilomita 140 hadi 150 kwa saa. Shoaib Akhtar wa Pakistan aliwahi kufikisha kilomita 161.3, katika Kombe la Dunia la mwaka 2003. Kwa kuwa mrushaji huuachia mpira akiwa amekaribia kuvuka mstari ulio mbele ya vijiti vyake, na mpigaji naye husimama mbele ya vyake, umbali unaobaki kati yao ni kama mita 17.7. Mpira wa kilomita 144 kwa saa huenda mita 40 kila sekunde. Umbali huo ungeumaliza kwa sekunde 0.44. Hewa na mdundo huupunguzia mwendo kidogo, kwa hiyo tuseme nusu sekunde.

Katika nusu sekunde hiyo mpigaji anatakiwa ajue mpira utadunda wapi, utapita upande gani wa mwili wake, na ukishadunda utanyooka au utakengeuka. Kisha aamue kuusogelea au kurudi nyuma, kuupiga, kuuzuia au kuuacha upite. Halafu alipeleke gongo lenye upana usiozidi sentimita 10.8 mahali hasa mpira utakapokuwa. Akikosea kwa sentimita tano, mpira utagusa ukingo wa gongo na kuishia mikononi mwa wadakaji waliojipanga nyuma yake, wakingoja kosa hilo tu.

Mwaka 1987 Peter McLeod, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha jaribio lililopaswa kuimaliza hadithi ya jicho kali. Chini ya mkeka wa kuchezea alificha vipande vyembamba vya mbao, ili mpira ukidunda ukengeuke kwa namna ambayo hakuna awezaye kuitabiri. Kisha akawakabidhi magongo wapigaji waliochezea timu ya taifa. Mpira ulipokengeuka, ilichukua takriban sekunde 0.2 kabla gongo halijaonyesha dalili yoyote ya kubadili njia. Muda huo ndio huo ambao mtu yeyote mwenye afya huuhitaji kubonyeza kitufe taa ikiwaka mbele yake. Miaka yote ya kucheza haikuwa imewapunguzia hata kidogo.

Weka matokeo hayo kando ya hesabu yetu. Mpira wa kasi unaodunda mita tano mbele ya mpigaji hutumia takriban sekunde 0.15 kumfikia. Akitaka kubadili nia baada ya kuona mdundo, amechelewa tayari. Golikipa anayekabili penalti yumo katika bano hilohilo: akingoja aone mpira unakwenda wapi, ataokota wavuni. Tofauti ni kwamba golikipa akifungwa penalti hakuna anayemlaumu, ilhali mpigaji wa kriketi anatazamiwa azicheze penalti zake mchana kutwa asifungwe hata moja.

Kwa hiyo ni lazima ajue mapema. Swali ni anajulia wapi.

Jicho linalotangulia

Mwaka 2000 McLeod na mwenzake Michael Land walifunga kamera ndogo kichwani mwa wapigaji watatu wa viwango tofauti, wakafuatilia macho yao. Kila kocha hufundisha kwamba mpira ufuatwe kwa jicho toka mkononi hadi kwenye gongo. Hakuna kati ya wapigaji hao aliyefanya hivyo. Waliutazama mpira ukitoka mkononi, kisha macho yakauacha angani na kuruka mbele hadi mahali utakapodunda, yakangoja hapo. Aliyekuwa bora kati yao ndiye ambaye macho yake yaliruka mapema zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Australia, David Mann akiwa miongoni mwao, waliwapima wapigaji wawili wa kiwango cha juu kabisa na kuona jambo la ziada. Vichwa vyao viligeuka pamoja na mpira kana kwamba vimefungwa nao kwa uzi, huku macho yakitangulia mara mbili: kwanza kwenye mdundo, kisha mahali gongo litakapokutana na mpira.

Jicho la mpigaji bora, basi, hutumwa mbele kuhakiki kile ambacho akili imekwisha kukisia. Ndiyo sababu ubora wa jicho lenyewe si hoja kubwa kama tunavyodhani. Kundi hilohilo la watafiti lilikuwa limewavalisha wapigaji lenzi za kutia ukungu machoni, wakiongeza ukungu hatua kwa hatua. Uchezaji haukuporomoka mpaka ukungu ulipokuwa mzito kiasi ambacho mtu wa kawaida angejiona karibu kipofu.

Historia ilikuwa imelishuhudia hilo kabla ya maabara. Mansoor Ali Khan Pataudi wa India alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia katika ajali ya gari nchini Uingereza mwaka 1961. Kabla ya mwaka huo kuisha alikuwa anachezea timu ya taifa, na Machi 1962, akiwa na umri wa miaka 21, akawa nahodha wake. Kwa jicho moja alicheza mechi 46 za Test, zile ndefu za siku hata tano, na kufikisha mikimbio 100 au zaidi mara sita. Don Bradman wa Australia, ambaye wastani wake wa mikimbio 99.94 haujakaribiwa na mpigaji yeyote aliyecheza kwa miaka mingi, alipoingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipimwa na kuambiwa kwamba macho yake si mazuri.

Kinachosomwa

Mpigaji huanza kusoma mrushaji anapoanza kukimbia. Hatua zikiwa ndefu kuliko kawaida, huenda mpira wa nguvu unakuja. Akiachia mpira kutoka pembeni kabisa ya pichi badala ya karibu na vijiti, njia ya mpira itakuwa ya kukata kuelekea mwilini. Lakini maandishi makubwa yako kwenye kiwiko, kifundo cha mkono na vidole. Mwaka 2006 Sean Müller, Bruce Abernethy na Damian Farrow, nao wa Australia, waliwaonyesha wapigaji filamu za warushaji zilizokatwa kabla mpira haujatoka mkononi. Wapigaji wa kiwango cha juu waliweza kutaja aina ya mpira kwa kutazama mkono tu, mara nyingi zaidi kuliko bahati ingewawezesha. Wale wa kiwango cha chini, wakitazama mkono uleule, hawakupata humo habari yoyote ya kuwasaidia.

Mkono unasema nini? Ukiuachia mpira mapema, ungali juu kabisa, mpira utaenda mbali na kudunda karibu na miguu ya mpigaji. Ukichelewa, vidole vikishuka nao, mpira utapigizwa chini katikati ya pichi na kupanda kifuani au kichwani. Tofauti kati ya mapema na kuchelewa ni ndogo mno, lakini inaonekana kwa aliyezoea.

Kisha kuna mshono. Mpira wa kriketi ni ngozi iliyoshonwa kuzunguka katikati, na timu hung'arisha upande mmoja na kuuacha wa pili uchakae. Mpira mpya, mshono ukiwa umeinama kidogo, hupinda angani kuelekea upande uliochakaa. Mpira uliozeeka ukirushwa kwa kasi kubwa hufanya kinyume: hupinda kuelekea upande unaong'aa. Ufundi huo wa pili ulikuzwa na Wapakistani, kutoka kwa Sarfraz Nawaz na Imran Khan hadi kwa Wasim Akram na Waqar Younis, na kwa miaka kadhaa uliwaacha wapigaji wa nchi nyingine wakiangushwa vijiti bila kujua kilichowapata. Wapigaji walipojifunza kuangalia ni upande upi unang'aa mkononi mwa anayekimbia, warushaji wakaanza kuufunika mpira kwa mkono wa pili mpaka dakika ya mwisho.

Hapo ndipo mchezo unapogeuka vita vya akili, maana mrushaji naye anajua kwamba anasomwa. Nusu ya ufundi wake ni kurusha vizuri, na nusu ya pili ni kudanganya.

Uongo wa kifundo

Mabingwa wa uongo ni warushaji wa taratibu, wanaouzungusha mpira kwa vidole au kifundo. Mipira yao huenda kilomita 80 au 90 kwa saa, na mgeni hushangaa kuwaona wapigaji wanaowamudu watu wa kilomita 150 wakibabaika mbele ya mzee anayetembea hatua nne na kuurusha mpira kama anamtupia mtoto. Siri ni kwamba muda mrefu angani ni muda wa kukosea pia. Mpira unaozunguka kwa nguvu huburuta hewa, ukasogea pembeni au ukazama ghafla kabla ya pale macho yalipokwisha kwenda kuungojea. Mrushaji wa spini anaushambulia ule mruko wa jicho tuliouona: anamwacha mpigaji akisie, kisha anakihamisha kituo.

Mike Gatting wa Uingereza aliyajua haya tarehe 4 Juni 1993 huko Old Trafford, Manchester. Shane Warne wa Australia alirusha mpira wake wa kwanza wa Test dhidi ya Uingereza. Ukiwa angani ulisogea kuelekea upande wa miguu ya Gatting, ukadunda nje kabisa ya vijiti upande huo, kisha ukakata kurudi na kugonga kichwa cha kijiti cha upande wa pili. Gatting alibaki amesimama akitazama chini. Alikuwa na uzoefu mkubwa, na gongo lake lilikuwa mahali sahihi kwa mpira aliokuwa ameusoma. Mpira uliokuja ulikuwa mwingine.

Aliyeufanya uongo huu kuwa sanaa alikuwa Mwingereza Bernard Bosanquet, mwishoni mwa karne ya 19. Alianza kwa mchezo wa mezani wa kudundisha mpira wa tenisi ili mwenzake wa upande wa pili asiudake, akagundua kwamba kwa kukunja kifundo angeweza kutumia mwendo uleule wa mkono na mpira ukageukia upande usiotarajiwa. Mpira huo ndio gugli. Kwa mpigaji kuna dalili moja tu ya kutegemea: mpira unapoachiwa, mgongo wa kiganja unamtazama yeye. Dalili hiyo huonekana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na warushaji wazuri huificha hata hiyo.

Bradman mwenyewe ilimpita. Tarehe 14 Agosti 1948, uwanjani Oval, London, aliingia kucheza zamu yake ya mwisho ya Test akihitaji mikimbio minne ili wastani wa maisha yake uwe 100 kamili. Mpira wa pili kutoka kwa Eric Hollies ulikuwa gugli, ukaangusha vijiti. Alitoka bila mkimbio hata mmoja.

Shule ya mikono

Bradman alikuwa amejifunza wapi hayo aliyoyajua? Si kwa kocha. Utotoni huko Bowral, New South Wales, alikuwa na mpira wa gofu, kijiti cha wiketi badala ya gongo, na tangi la maji lililowekwa juu ya msingi wa matofali. Aliupigiza mpira kwenye matofali hayo, ukarudi kwa kasi na kwa pembe isiyotabirika, naye akaupiga kwa kijiti kile chembamba. Mchezo huo ulimfunza kupatanisha mwendo wa gongo na wa mpira. Mikono ya watu alijifunza baadaye, kwa kuikabili uwanjani.

Elimu hiyo hupatikana hata kwa kuitafuta kwa makusudi. Mapema mwaka 1998, Warne alipokuwa anaelekea India, Sachin Tendulkar alijua atashambuliwa kwa mipira inayodunda nje ya miguu yake, kwenye udongo uliochimbuliwa na viatu vya warushaji. Alimwomba Laxman Sivaramakrishnan, mrushaji mstaafu wa spini ya aina hiyohiyo, amrushie hapo mfululizo mazoezini, mpaka pigo la kuipeleka mipira hiyo nje ya uwanja likawa la kawaida mwilini mwake. Katika Test ya kwanza mjini Chennai, Warne alimtoa kwa mikimbio 4 tu. Zamu ya pili Tendulkar akapiga 155 bila kutolewa, na India ikashinda kwa mikimbio 179. Maandalizi hayakumfanya asikosee. Yalimfanya kosa la kwanza liwe somo alilokwisha kulisoma nusu.

Siku ambayo yote yalionekana

Mtu akitaka ushahidi wa sura hii nzima katika mechi moja, aende Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi 2003. Kenya ilikuwa imefika hatua ya timu sita bora za Kombe la Dunia, baada ya kuifunga hata Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana, ambako mrushaji wa spini Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Sasa walikutana na Australia, mabingwa watetezi, ambao katika mashindano yale hawakupoteza mechi hata moja.

Kwanza kasi ilisema. Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, timu ikiwa na mikimbio 3 tu. Lee alikuwa miongoni mwa warushaji wenye kasi kuliko wote duniani, na mikono ya namna hiyo haikuwa inapatikana kwenye ligi ya Nairobi. Kenya walijikongoja hadi mikimbio 174.

Australia wakaanza kuifuata idadi hiyo kwa fujo. Ndipo alipoletwa Aasif Karim, mwenye umri wa miaka 39, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto aliyekuwa amestaafu na kuitwa tena kwa ajili ya Kombe hilo. Alimtoa nahodha Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Alirusha mipira 50 na kutoa mikimbio 7 tu. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa siku alitangazwa kuwa Karim.

Mtu anaweza kusema Waaustralia hawakuwa na haraka, maana ushindi ulikuwa umekwisha kukaribia. Kuna ukweli. Hata hivyo wapigaji wa kiwango kile hawamwachii mzee wa spini mipira 50 kwa mikimbio 7 kwa hiari yao. Walikuwa wanamsoma mtu mgeni, na Karim hakuwapa nafasi ya kumaliza ukurasa. Mwaka 2024 Mganda Frank Nsubuga alirudia somo hilo akiwa na miaka 43: katika Kombe la Dunia la ova 20 (ova ni mipira sita mfululizo), dhidi ya Papua New Guinea, alirusha ova zake nne kwa mikimbio 4, akawatoa wawili, na Uganda ikashinda.

Kinachopotea bila mechi

Siku hizi mazoezi mengi hufanywa kwa mashine inayotema mipira kwa kasi unayoitaka. Mashine ina faida, lakini haina bega, kiwiko wala kifundo. Wapigaji waliopimwa mbele ya mashine na mbele ya mtu wameonekana kuanza miondoko yao kwa nyakati tofauti, kwa sababu mashine haiwapi cha kusoma kabla mpira haujatoka. Mtoto aliyelelewa na mashine peke yake hujifunza kupiga bila kujifunza kusoma.

Hoja hii inaeleza pia kilichoipata Kenya. Baada ya 2003 timu kubwa hazikuja kucheza nayo mara kwa mara, migogoro ya uongozi ikaongeza mzigo, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Vipaji havikukauka Nairobi. Kilichokauka ni ile mikono: hakuna tena wa namna ya Lee wa kuwakimbilia vijana kila msimu, na elimu ya kuwasoma watu hao hairithiwi kutoka kwa kizazi cha Karim na nahodha wake Tikolo kwa kusimuliwa. Kila mpigaji lazima aichume mwenyewe, mpira kwa mpira.

Kwa kocha wa klabu ya Kampala, Dar es Salaam au Nairobi mwenye fedha kidogo, hitimisho ni la wazi. Kabla ya kununua mashine, atafute warushaji: wa kushoto na wa kulia, warefu na wafupi, wenye mbio na wenye hila, na mzee mstaafu mwenye gugli yake awekewe nauli aje kila Jumamosi. Vijana wataangushwa vijiti mara nyingi. Ndiyo karo ya shule hii, na haijapata kuwa na msamaha kwa yeyote, hata kwa mwenye wastani wa 99.94.